Kumfundisha Mtoto Kusoma Miisho ya Maneno ya Kiswahili

Mtoto aliyekwisha kuzijua irabu 5 na kuziunganisha na konsonanti husoma "soko", "kuku" na "pika" bila taabu kubwa. Mwalimu hufurahi, mzazi hufurahi zaidi, na mara nyingi wote wawili hudhani kwamba kazi iliyobaki ni kuongeza maneno tu. Kisha linakuja neno kama "anawapikia", na mtoto yuleyule anasoma mwanzo wake kwa sauti kubwa, sauti inafifia katikati, na mwisho anaubuni: "anawapika". Kosa hili halitokani na uvivu. Mwanzo wa neno umekwisha kumpa alichokuwa anakitafuta, na silabi mbili za mwisho anaziona kama nyongeza isiyo na kazi.

Katika Kiswahili mwisho wa neno una kazi nzito. "Anampiga" na "anampigia" vinatofautiana kwa silabi moja, lakini katika kimoja kuna mtu anayeumia na katika kingine kuna mtu anayepokea simu. Mtoto anayebuni miisho atasoma ukurasa mzima kwa kasi nzuri na asielewe nani kamfanyia nani nini. Mwongozo huu unahusu jinsi ya kumfanya mtoto wa darasa la kwanza au la pili aone mwisho wa neno kama kipande kimoja, akisome kipande hicho kwa mara moja, na ajue kimebadilisha nini. Unaweza kutumiwa na mwalimu mwenye darasa zima na vilevile na mzazi mwenye mtoto mmoja mkekani.

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015 uliziweka mbele stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK, na tangu hapo walimu wengi wamekuwa na mazoea mazuri ya kufundisha sauti za herufi kabla ya majina yake. Mazoea hayo ndiyo msingi wa haya yanayofuata. Usianze miisho kabla mtoto hajaweza kusoma maneno ya silabi mbili bila kutaja silabi mojamoja kwanza. Akiwa bado anasema "so, ko, soko", mwache aendelee na maneno mafupi kwa muda, kwa sababu neno refu litamchosha kabla hajafika mwisho wake.

Anza na sikio

Kila mwisho utakaoufundisha, mtoto ausikie na autumie kwa mdomo kabla ya kuuona umeandikwa. Kwa mtoto wa Unguja au Mombasa hili huchukua dakika chache tu, maana amezaliwa ndani ya lugha na husema "nifungulie" na "nichotee maji" kutwa nzima. Kwa mtoto anayezungumza lugha nyingine nyumbani, hatua hii isirukwe. Lugha nyingi za Kibantu zina miisho inayofanana na ya Kiswahili, na mtoto huitambua upesi. Mtoto wa Kimaasai au Kijaluo, lugha ambazo si za Kibantu, huhitaji mazungumzo zaidi, vitendo zaidi na subira zaidi.

Njia rahisi ni kuagiza na kutenda. Mwambie mtoto mmoja, "Fungua mlango," naye afungue. Kisha mwambie, "Mfungulie Asha mlango," Asha akiwa amesimama nje. Uliza darasa: nani amefungua, na nani amefunguliwa? Watoto wakishajibu bila kusita, kadi zinaweza kutoka.

Wakati huohuo wazoeshe kusikia mkazo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo silabi ikiongezeka, mkazo nao unahama: PIka huwa piKIa, SOko huwa soKOni. Watoto wapige kofi moja kwenye silabi yenye mkazo. Zoezi hili lina faida kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu linatupa mpangilio wa kufundisha. Mwisho unaohamisha mkazo husikika wazi na hivyo hujifunzwa kwa wepesi, ilhali mwisho usiohamisha mkazo hupita kimyakimya na lazima usubiri. Vitabu vingi hupanga miisho kwa mfuatano wa sarufi, na kwa mtoto wa miaka 6 au 7 mfuatano huo hauna msaada wowote.

Mwisho wa kwanza: -ni

Anza na -ni ya mahali, kwa sababu haibadilishi chochote katika neno lililotangulia. "Shule" inabaki "shule" na kuongezwa "ni". Vivyo hivyo "kisima", "shamba", "meza", "kitanda". Chukua boksi tupu la biskuti au la sabuni, kata kadi ndefu, andika "soko" kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka mbali, na upande wa kulia uache nafasi. Ukunje upande huo kuelekea nyuma, kisha kwenye sehemu iliyokunjwa uandike "ni", ili kadi ikifunguliwa isomeke "sokoni". Mtoto asome kadi ikiwa imekunjwa, uikunjue, asome tena. Asisome "so-ko-ni". Asome "soko", na mara kadi ikunjukapo, "sokoni", kwa pumzi moja na mkazo ukiwa umehamia mahali pake.

Baada ya kadi 6 au 7 za namna hii, rudi nyuma kidogo na umwonyeshe mtoto jambo linalowasumbua wengi katika kuandika, nalo ni tofauti ya "-ni" iliyoshikamana na neno na "ni" inayosimama peke yake. Andika sentensi mbili ubaoni, moja chini ya nyingine:

Nyumba ni safi.
Nyumbani ni safi.

Zisome zote mbili kwa sauti na uwaombe watoto wapige kofi kwenye mkazo. Katika sentensi ya kwanza kofi linapigwa kwenye "nyu", katika ya pili kwenye "ba". Kisha waonyeshe nafasi tupu kati ya "nyumba" na "ni" katika mstari wa kwanza, na jinsi nafasi hiyo ilivyotoweka katika wa pili. Mtoto akishalishika hili, hataandika tena "shule ni" akimaanisha "shuleni". Imla ya sentensi 4 za aina hii kwa juma inatosha.

Onyo moja linahitajika hapa. Maneno mengi yanaishia kwa "ni" bila kuwa ya mahali: sabuni, sahani, jirani, maskini, thamani. Mtoto mwerevu atayaona mapema na kukuuliza kama "sabuni" maana yake ni ndani ya "sabu". Mjibu kwa kumpa kipimo anachoweza kukitumia mwenyewe: funika "ni" kwa kidole, soma kilichobaki, na jiulize kama ni neno unalolijua. "Soko" ni neno, "sabu" si neno. Kipimo hiki cha kufunika kwa kidole kitamfaa kwa kila mwisho utakaofuata, kwa hiyo kistahili muda wa kutosha.

Ipo pia -ni ya kuwaamuru watu wengi, na hii mtoto huisikia darasani kila siku: kaeni, simameni, someni, njooni. Ifundishe juma linalofuata, na onyesha kwamba hapa mara nyingi herufi ya mwisho ya kitendo inageuka, "soma" ikawa "someni". Maelezo zaidi ya hayo hayahitajiki. Mwalimu aandike amri hizo kwenye kadi, aiinue kadi bila kusema neno, na darasa litende. Watoto wanaupenda sana mchezo huu, na mwalimu huona papo hapo ni nani anayesoma na ni nani anayemwangalia jirani.

-ia na -ea

Hapa ndipo penye kazi. Mtoto aliyefundishwa kwa silabi za konsonanti na irabu huzoea kwamba kila irabu ina konsonanti yake mbele. Akifika kwenye "pikia" hukuta "a" iliyosimama peke yake baada ya "i", na mara nyingi huitafuna, akasoma "pikya", au huiacha kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuleta vitenzi, mpe maneno anayoyajua yenye irabu mbili zinazofuatana: njia, pua, mbio, dau, kioo. Ayasome polepole huku akigusa kila irabu kwa kidole. Irabu zikishatoka wazi, ndipo uanze.

Panga kadi katika safu mbili. Safu ya kwanza iwe na pika na pikia, kata na katia, funga na fungia, fua na fulia. Safu ya pili iwe na soma na somea, cheza na chezea, leta na letea, chota na chotea. Usiwaeleze watoto kanuni, yaani kwamba irabu za "a", "i" na "u" katika mzizi huleta "-ia" na za "e" na "o" huleta "-ea". Waache waone safu zikiwa zimetenganishwa, wasome safu moja mpaka iwe nyepesi, kisha nyingine, na siku ya tatu uzichanganye. Mtoto mzungumzaji wa Kiswahili hatasema "somia" hata ukimlazimisha, kwa hiyo usimpe mzigo wa kanuni ambayo ulimi wake unaijua tayari. Mtoto anayejifunza Kiswahili shuleni ndiye atakayehitaji kuziona safu hizo kwa muda mrefu zaidi.

"Fulia" hapo juu inadokeza hatua inayofuata. Vitenzi vyenye irabu mbili mwishoni huchukua "l": nunua na nunulia, fungua na fungulia, ondoa na ondolea, pokea na pokelea. Maneno haya ni marefu, na mtoto akiyasoma kwa silabi hupotea njiani. Yagawe vipande viwili tu kwa mstari mwembamba wa kalamu, nunu/lia, ondo/lea, halafu siku inayofuata uyaandike bila mstari. Mtoto akisoma "nunuria" kwa sababu lugha ya nyumbani kwao haitenganishi "r" na "l", hajakosea kusoma. Ameona herufi zote na ameelewa maana. Matamshi hayo yarekebishwe wakati mwingine, nje ya zoezi la kusoma.

Miisho mitatu inayopita haraka

Baada ya -ia na -ea kuzoeleka, -ana, -isha (pamoja na -esha) na -ika (pamoja na -eka) huenda kwa kasi, mwisho mmoja kwa juma. Kwa -ana tumia salimia na salimiana, saidia na saidiana, penda na pendana, na uwakumbushe kipimo cha kidole watakapokutana na "kijana" na "mchana". Kwa -isha na -esha tumia rudi na rudisha, cheka na chekesha, soma na somesha. Usiingize "lala" na "laza" wala "kimbia" na "kimbiza" katika kundi hili, maana mwisho wao ni mwingine. Kwa -ika na -eka tumia vunja na vunjika, mwaga na mwagika, soma na someka. Neno "katika" litaleta kicheko likitokea mara mbili katika sentensi moja, kwa mfano "Kamba imekatika katika kisima", na kicheko hicho kitawakumbusha kuliko maelezo yako.

-wa, mwisho usiosikika vizuri

Linganisha PIka na PIkwa. Mkazo haukuhama, silabi hazikuongezeka, na kilichobadilika ni mdomo kubana kidogo kabla ya "a". Ndiyo maana watoto wengi wanaosoma "pikia" bila shida husoma "pikwa" kama "pika", au huingiza irabu na kusema "pikuwa", na hivyo ndivyo wanavyoandika.

Dawa yake ni kuanza na silabi ambazo mtoto amekwisha kuziona kwingine. "Kwa" anaijua kama neno kamili, kwa hiyo "pikwa" ni "pi" na "kwa". "Mwa" anaijua kutoka "mwalimu" na "mwaka", kwa hiyo "limwa" ni "li" na "mwa". Waandikie "imbwa" chini ya "mbwa" na watashangaa kuona mnyama ndani ya wimbo, ingawa katika jina la mnyama "m" husikika peke yake na ndiyo yenye mkazo. Kisha endelea na zile zisizo na msaada wa namna hiyo: pigwa, oshwa, fungwa, vunjwa. Kila neno liwe ndani ya sentensi yenye picha au kitendo, kwa sababu bila maana mtoto hana sababu ya kuutafuta ule mdomo uliobana. "Juma anaosha" na "Juma anaoshwa" zichorwe ubaoni, na mtoto aweke kila sentensi chini ya picha yake.

Vitenzi vinavyoishia kwa irabu mbili ni vyepesi zaidi katika kundi hili, kwa kuwa nunuliwa na pokelewa huhamisha mkazo. Unaweza kuanza navyo ukipenda, lakini mimi huona urefu wake unamchosha mtoto kiasi kwamba nafuu hiyo inapotea.

Herufi moja ya mwisho

Anasoma, hasomi, asome. Hapa mwisho wote ni herufi moja, na mtoto anayetegemea mwanzo wa neno atasoma "hasoma" bila kusita. Mpe maneno ya aina hii kwa matatu matatu, anacheza, hachezi, acheze. Analima, halimi, alime, na umtake aitamke irabu ya mwisho kwa nguvu kupita kiasi. Maneno kama "hasafiri" na "hajibu" yaache kwanza, kwa kuwa hayageuki mwishoni na yatamvuruga.

Mitaani kuna masomo ya bure ya mwisho huu. "Usitupe taka hapa" inaonekana karibu kila mtaa. Anayeishi Dar es Salaam ameiona mara nyingi "Nyumba hii haiuzwi" iliyopakwa rangi ukutani kuwazuia matapeli, na "haiuzwi" ni neno zuri la kuchambua na mtoto wa darasa la pili: anza na uza, nenda kwenye uzwa, kisha inauzwa, kisha haiuzwi. Pakiti za dukani nazo zina "imetengenezwa Tanzania". Mzazi anayetembea na mtoto wake aonyeshe neno moja tu kwa safari, wala asigeuze safari kuwa mtihani.

Kutoka kadi hadi habari

Kadi peke yake hazitoshi. Kila juma andika habari fupi yenye miisho uliyokwisha kuifundisha na usiweke mwisho mgeni hata mmoja. Kwa mfano:

"Asha yupo jikoni. Anapika uji. Anampikia bibi. Bibi yupo uani na wajukuu. Uji umepikwa, umewekwa mezani. Asha anawaita: Njooni! Watoto wanasaidiana kumletea bibi kiti."

Mtoto asome mara ya kwanza bila kukatizwa. Kisha uliza maswali ambayo jibu lake liko katika mwisho wa neno: uji ni wa nani? Nani kaletewa kiti? Mtoto aliyesoma "kumleta bibi kiti" atakwama katika swali la pili, na kukwama huko ndiko unakokutafuta.

Anapokosea mwisho, usimtajie neno sahihi. Weka kidole chini ya kipande cha mwisho peke yake na useme, "Tazama hapa." Asipoona, mpe maana mbili achague: anapika tu, au anampikia mtu? Akichagua, arudie sentensi yote tangu mwanzo. Kumtajia jibu huokoa sekunde chache, lakini humfundisha kungoja mdomo wako, na kwa darasa la watoto 80 mdomo mmoja hautafika popote. Katika darasa kubwa wapange wawiliwawili wenye seti moja ya kadi, mmoja akunjue na mwingine asome, kisha wabadilishane. Wewe pita ukisikiliza jozi chache kila siku. Kusoma kwa pamoja kwa sauti ya kuimba kufanywe mara chache, kwa kuwa humficha kwa urahisi yule asiyesoma kabisa.

Ukitaka kujua kama mtoto anasoma mwisho au anaukumbuka tu, mpe maneno ya kubuni: tefa, tefea, tefesha, tefana, tefwa. Hawezi kuyabuni kwa sababu hajawahi kuyasikia. Anayeyasoma yote matano bila kusita yuko tayari kwa miisho miwili kwa pamoja, kama someshwa, pikiana na nunuliana. Anayekwama kwenye "tefwa" arudi kwenye kadi za -wa kwa dakika 10 kila siku, bila kurudishwa mwanzo wa somo lote.

Mwishoni mwa darasa la pili ongeza -ji ya watendaji: msomaji, mchezaji, mfugaji, mwimbaji. Huu ni rahisi kwa sababu kitenzi kinaonekana chote ndani ya neno. Maneno kama mpishi, mlezi na mwokozi, ambamo konsonanti ya kitenzi inageuka au "z" inaingia kabla ya mwisho, yasomwe kama maneno mazima yanapotokea, na uchambuzi wake usubiri darasa la tatu.